Mimi naona mawe tu, mjukuu wangu anaona kila kitu

"Jambo sana Mwalimu. Nina miaka 57, nakaa Himbi, hapa Goma. Daktari alipopima presha yangu mwezi wa sita alisema nitembee kila asubuhi nusu saa, na natembea. Saa kumi na mbili natoka, nashuka hadi Ziwa Kivu, narudi. Jumamosi naenda na mjukuu wangu wa miaka minane. Huyo haachi kuniita: koko ona hiki, koko sikia kile. Nikigeuka sioni kitu, sisikii kitu. Juzi alisema kuna ndege amesimama hewani juu ya maji kama amefungwa kamba. Nikamwambia aache uongo, akanuna hadi nyumbani. Mimi naona mawe meusi, kuta na matope, basi. Binti yangu anasema hapa mjini hakuna cha kuangalia, eti tungoje siku ya kwenda kwenye mbuga. Je, macho yangu yameanza kufa? Au kuna namna ya kutembea ambayo watu hufundishwa? Na tukielekea upande wa Keshero, nimruhusu mtoto ateremke kwenye yale mashimo anayopenda kuchungulia?"

Jambo mama. Nitaanzia mwisho wa barua yako, maana hapo ndipo penye haraka. Usimruhusu kuteremka kwenye mashimo, hata kwa dakika moja, hata ukiwa umemshika mkono.

Upande ule wa magharibi, kutoka Keshero kwenda Bulengo na Lac Vert, ardhi ina mahali inapotoa gesi tunayoiita mazuku. Wazee walisema ni upepo mbaya, na hadi leo kuna wanaosema ni shetani wa shimoni anayetaka damu. Ni kaboni dioksidi, gesi ileile inayopanda kama mapovu ukifungua soda, ila hii inatoka kwenye nyufa za volkano. Haina rangi wala harufu ya kukushtua. Uzito wake ni kama mara moja na nusu ya hewa, kwa hiyo haipandi juu. Inatambaa chini na kutulia kwenye bonde dogo kama maji kwenye sahani. Usiku ukiwa hauna upepo inajaa. Jua likipanda na upepo wa ziwa ukianza, inatawanyika. Sasa angalia saa yako ya kutoka: kumi na mbili asubuhi, upepo bado umelala. Halafu angalia urefu wenu. Kwenye shimo la mita moja wewe uliyesimama unapumua hewa safi, huku mtoto aliyechuchumaa kumtazama mjusi kichwa chake kiko ndani ya gesi. Ikizidi asilimia 10 ya hewa anayovuta, anapoteza fahamu kabla hajapata muda wa kukuita.

Shimo ambalo lina panzi waliokufa, mjusi au kandege kamelala bila jeraha, majani yamenyauka wakati ya pembeni ni mabichi, hilo ni la kuogopa. Lakini shimo lisilo na alama yoyote halijawa salama kwa sababu hiyo. Na ukiona mtu au mbuzi ameanguka humo, usiteremke kumwinua, kwa sababu anayefuata kuokoa huanguka juu ya aliyetangulia. Piga kelele, watu waje, mvute kwa kamba mkiwa juu. Kisha mwambieni chef wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa, na watu wa Observatoire, wale wanaochunguza volkano zetu, ili mahali hapo pajulikane. Nikiwa bado kwenye hatari: mtoto akiona chuma asichokijua kwenye majani asikiguse, akuite. Baada ya mapigano ya Januari 2025 si kila kitu kiliokotwa.

Tuje kwenye macho.

Mimi nafundisha biolojia, si daktari wa macho, na sijakuona. Ila kwa namna ulivyoandika, sidhani yanakufa. Mtu ambaye macho yake yanakufa hulalamika kwamba uso wa jirani una ukungu, au kwamba anagonga meza ya pembeni. Wewe unasema unaona mawe, kuta na matope, na naamini unayaona vizuri sana. Shida yako ni kwamba huoni kingine.

Jaribu hivi ukiwa umekaa. Nyoosha mkono mbele yako, tazama kidole gumba. Sehemu ambayo jicho la binadamu linaona kwa ukali, ile ya kusomea herufi, ni kama upana wa kidole hicho tu. Kilichobaki, yaani ukuta mzima, barabara na anga, unakiona bila ukali, na ubongo unajaza mapengo kwa yale uliyoyazoea. Unapita njia hiyo tangu mwezi wa sita. Ubongo wako umeshaihifadhi, na kila asubuhi unakuonyesha ile ya jana ili usijichoshe.

Pembe za jicho zina kazi nyingine, na hiyo wanaifanya vizuri sana hata wazee: kugundua kinachotikisika. Lakini ukitembea kwa haraka, kila kitu kinatikisika. Kuta zinarudi nyuma, mawe yanapita, kivuli chako kinaruka. Kandege kakitingisha mkia kati ya mawe hayo, mtikisiko wake unazama ndani ya mtikisiko wako mwenyewe. Mjukuu wako anaona kwa sababu anasimama. Natumaini hukasiriki nikisema hivyo. Najua bibi wengi huwaambia watoto wa namna hiyo "twende bwana, unanichelewesha".

Halafu kuna jambo la tatu, na kwangu ndilo kubwa. Mwaka 1999 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris, walieleza jaribio walilofanya kwa filamu fupi. Vijana wanapasiana mpira, na mtazamaji anaambiwa ahesabu pasi za wenye fulana nyeupe. Katikati ya mchezo anaingia mtu aliyevaa vazi la gorila, anasimama, anajipiga kifua, anaondoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Sisi tunaokaa mlangoni pa gorila wenyewe, wale wa mbuga ya Virunga, tunaisikia hadithi hii tunacheka. Nami nilicheka, mpaka nilipowafanyia wanafunzi wangu kitu cha aina hiyo. Niliwaweka kando ya barabara wahesabu pikipiki zenye abiria wawili. Mwalimu mwenzangu akapita mbele yao polepole kwenye jua kali, koti la mvua mwilini, beseni la kijani kichwani. Nilipowauliza baadaye, walibishana kwa ukali kuhusu hesabu ya pikipiki. Beseni wengi hawakuliona. Hakuna aliyekuwa na ugonjwa.

Sasa wewe, saa kumi na mbili asubuhi, unahesabu nini? Minervali ya watoto, yaani ada ya shule, dawa za presha, bei ya makala ya kupikia, motari anayekuja bila kupiga honi, sura za watu walio kwenye kona. Mtu wa Goma macho yake yamefundishwa kutafuta hatari, na yamejifunza kwa gharama kubwa. Yanaifanya kazi hiyo vizuri. Huwezi kuyaambia ghafla "sasa tazameni ndege" huku yakiendelea kuhesabu.

Kwa hiyo usijilaumu. Lakini nadhani pia kuna kosa dogo kwenye mpango wenu, nalo linarekebishika: unataka matembezi mamoja yafanye kazi mbili zinazopingana. Daktari anataka moyo wako upige. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na nusu saa yako ya kila siku inatosha kabisa, mradi iwe ya kwenda kama mtu aliyechelewa misa: unaweza kuongea, huwezi kuimba. Mwendo huo haufai kuangalia chochote. Na mwendo wa kuangalia, ule wa kusimama kila hatua kumi, hausaidii presha sana. Sitakudanganya kwamba ndege watakuponya. Basi vitenganishe. Siku za kazi tembea kwa ajili ya daktari, usijali kuona. Jumamosi, kwenda ni haraka, na mkifika ziwani dawa imeisha. Kurudi ni kwa ajili ya mtoto.

Na hapo kwenye kurudi kuna ufundi, lakini ni mchache. Chagua mahali pamoja, palepale kila wiki, penye usalama na watu wanaokujua. Kaa. Kwa dakika za kwanza hakuna kitu, maana viumbe wameona watu wawili wakubwa wanakuja na wamejificha. Ndege hana sababu ya kujua kwamba wewe ni mama wa Himbi mwenye presha. Kwake wewe ni paka mrefu. Ukitulia, baada ya kama dakika kumi wanakusahau. Watu wengi huondoka dakika ya nane wakisema hapa hakuna kitu.

Nenda pia na swali moja, moja tu. Luuk Tinbergen, Mholanzi aliyechunguza ndege kwenye misitu ya misonobari ya kwao, aliona kwamba ndege hawaanzi kumla kiwavi wa aina mpya mara tu anapotokea. Wanampita, wanampita, kisha wakishampata mara chache wanaanza kumkamata kwa wingi ghafla, kana kwamba wamevaa miwani mpya. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1960: kichwani mwa ndege huundwa picha ya anachokitafuta, na picha hiyo ikishakuwepo jicho linakiokota lenyewe. Tunafanya hivyo sisi sote. Siku uliponunua kitenge cha rangi fulani, wiki nzima uliwaona wanawake waliovaa rangi hiyo; hawakuongezeka. Ndiyo maana nakuambia swali moja kwa Jumamosi moja. Leo: ni nani anayetikisa mkia? Wiki ijayo: nini kinaota mahali pasipo udongo? Usiende na swali la "kuna nini hapa", hilo halina picha.

Nikuonyeshe namna hiyo inavyofanya kazi, nikianzia na yale mawe yako. Wiki iliyopita nilisimama mbele ya ukuta wa parseli moja, yaani kiwanja cha nyumba, karibu na kwangu, mawe ya volkano yaliyopangwa kwa saruji, ukuta ambao nimeupita miaka mingi nikiufikiria kama ukuta. Swali langu lilikuwa: nani anakaa hapa? Kwanza jiwe lenyewe. Lina matundu kama mkate, na kila tundu ni gesi iliyokuwa ikitoroka lava ilipoganda. Juu ya jiwe kulikuwa na madoa ya kijivu yaliyokauka, ambayo siku zote niliyadhani ni rangi iliyomwagika. Ni likeni, kuvu na mwani walioungana wakawa kama kiumbe kimoja: kuvu hujenga nyumba na kutunza maji, mwani hupika chakula kwa jua. Chini ya bomba la paa, maji yanapodondoka, likeni ilikuwa imeisha na kimea cha kijani, laini kama velvet, kimeanza. Kwenye mstari wa saruji, siafu wadogo wanapanda, wengine wanashuka, wanagusana vichwa kila wanapokutana. Juu yao buibui mdogo mwenye mistari, wa aina isiyofuma wavu, aligeuka akanitazama. Kweli alinitazama, hawa warukaji wana macho mawili makubwa mbele na huelekeza uso mzima. Akamwona nzi. Akasogea hatua mbili, akasimama, akasogea moja, akaruka, akamkosa, akabaki ananing'inia kwa uzi wake. Dakika ishirini zilikwisha. Mwenye nyumba akatoka kuniuliza kama nimetumwa na watu wa kodi.

Likeni hiyo ndiyo inayoanza kula lava yetu yote. Unakumbuka tarehe 17 Januari 2002, moto wa volkano ya Nyiragongo ulipopita uwanja wa ndege, ukakata katikati ya mji na kuingia ziwani. Pale lava hiyo ilipoachwa bila kujengwa, chukua mjukuu wako muiangalie. Utakuta ukungu wa kijivu wa likeni, na kwenye nyufa, vumbi na majivu yalipojikusanya, majani ya ferni yaliyoletwa na upepo kama unga, kisha nyasi, kisha vichaka. Siku mkipata nafasi ya kufika kaskazini mwa mji, kwenye lava ya tarehe 22 Mei 2021, mtaona jinsi ilivyo changa kando ya dada yake. Mtoto wa miaka minane anaelewa vizuri sana mkimwambia: jiwe hili lina umri wa shangazi, lile ni dogo kuliko wewe.

Lava ya Nyiragongo ni nyepesi, ilikimbia kama uji, na uji unapopoa juu huku chini bado unakwenda, ngozi yake hujikunja. Mikunjo hiyo ipo hata leo, mistari iliyopinda kama upinde. Tumbo la upinde linaelekea kule moto ulikokwenda. Ukishalijua hilo, jiwe jeusi halitakuwa jeusi tu tena, kwa sababu kila ukilikanyaga utataka kujua lilikuwa linakwenda wapi.

Kuhusu masikio, hapo mjukuu anakushinda kihalali. Kadiri umri unavyokwenda, sikio hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu: wadudu fulani, mlio wa kandege kadogo. Akisema "koko sikia" na wewe husikii, inawezekana kabisa sauti ipo na haikufikii. Usimbishie. Mwambie akuonyeshe inatoka wapi, wewe utumie macho. Ila sauti za kati unazisikia, na nitakupa moja ya kuanzia. Shore, ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manjano kidogo chini ya mkia, anayependa mapapai yetu. Kila siku anapiga kelele kama anasimulia habari. Siku utakapomsikia amebadilika, anarudia sauti moja kali bila kupumzika, na wengine wa aina nyingine wanakuja kumsaidia, tazama juu ya mti huo kwa mbali. Mara nyingi kuna bundi, paka au nyoka. Usisogee karibu kabla hujajua ni yupi kati ya hao.

Binti yako ana haki nusu. Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, mbuga ya taifa ya kwanza katika Afrika, haina mfano, na siku njia zikiwa salama na mfuko ukiruhusu, nendeni. Lakini asiyeona ukutani kwake hataona mengi kule pia. Ataona kile mwongozaji atakachomnyooshea kidole. Nami nina ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Karibu na ziwa, njia niliyopita miaka miwili, kulikuwa na takataka kubwa kwenye mti, rundo la vijiti, matete na vitambaa. Nilidhani mafuriko au watoto. Mvuvi ndiye aliyeniuliza kama mwalimu wa biolojia hajawahi kuona nyumba ya fundichuma, yule ndege wa kando ya maji. Kiota kipana zaidi ya mita moja, chenye paa na mlango wa pembeni, na wenyewe walikuwa wanaingia na kutoka mbele ya pua yangu. Kichwani mwangu kiota kilikuwa kikombe kidogo cha nyasi, kwa hiyo kile hakikuwa kiota.

Jumele, yaani darubini, ni nzuri lakini hapa nakushauri uwe mwangalifu. Mtu anayeelekeza jumele au simu upande wa uwanja wa ndege, kambi au kizuizi cha barabarani hataulizwa kuhusu ndege. Zitumie ukiangalia maji tu, au ziache. Programu za simu zinazotambua sauti za ndege, nimezijaribu: zinasaidia kuanza, zinakosea mara nyingi kwa ndege wetu, na zinakufanya uangalie kioo wakati ndege anaondoka. Daftari la senti chache linanifaa zaidi. Andika tarehe na kitu kimoja, hata kama ni "likeni ya kijivu ukuta wa mama fulani". Utashangaa mwezi wa kumi utakapoandika mbayuwayu wengi juu ya ziwa, na mwezi wa tano wakawa wamepungua; baadhi yao wanatoka Ulaya kukimbia baridi ya kule, na huwezi kujua wameondoka kama hukuandika walipofika. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, ukungu wa vumbi na moshi unafunika kisiwa cha Idjwi kabisa. Andika siku kilipoonekana tena.

Na majina usiyangoje. Yule mweusi na mweupe anayetikisa mkia kando ya maji na juu ya paa za mabati, wanaosema Kinyarwanda humwita inyamanza, na kuna ukoo, Abagesera, unaomheshimu kama ndege wake. Ukilijua jina hilo utamwona kesho. Usipolijua, mwite mtikisa mkia, naye atakuja. Jina la kujitungia linafanya kazi ileile ya kumpa nafasi kichwani.

Pamoja na hayo yote, nenda upimwe macho. Una miaka 57 na presha, na presha huweza kuharibu mishipa ya nyuma ya jicho bila maumivu. Presha ya jicho lenyewe, ambayo ni ugonjwa mwingine, hula kuona kwa pembeni taratibu hadi mtu ajikute anagongana na milango. Mtoto wa jicho huleta ukungu. Haya yote hupimwa, na mapema ndiyo dawa. Usingoje miadi ukiona vimulimuli vipya vya ghafla, pazia jeusi linashuka upande mmoja, au jicho limeona giza kwa dakika chache kisha likarudi: hiyo ni ya siku hiyohiyo. Na ukiwa unatembea ukabanwa kifua, ukapata kizunguzungu, mkono au mdomo ukalegea upande mmoja, achana na ndege wangu, kaa chini, mtoto aite mtu, na upelekwe hospitali.

Limebaki deni lako kwa mjukuu. Hakusema uongo. Aliyemwona ni mdiria, yule mweusi na mweupe mwenye kishungi na mdomo mrefu kama msumari. Anapiga mabawa haraka sana mahali pamoja juu ya maji, mwili unatikisika, lakini kichwa hakisogei hata kidogo, mdomo umeelekezwa chini. Kwa kweli anaonekana amefungwa kamba. Anatafuta samaki wadogo, pengine sambaza, ambao wenyewe ni wageni, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Akishawaona anaanguka kama jiwe. Akipata, anarudi kwenye tawi na kumpiga samaki hapo mara kadhaa kabla ya kummeza.

Mwombe radhi Jumamosi, na umwulize kama aliona mistari myeusi kifuani. Mmoja ni jike, miwili ni dume. Akisema hakuangalia, mtarudi naye.